Jinsi ya kuuona mji wa Košice bila haraka

Nililipita kanisa kubwa kuliko yote nchini Slovakia mara mbili asubuhi moja, na jioni yake mtu angeniuliza lina minara mingapi nisingemjibu. Nilikuwa mwongoza kasi katika marathoni ya Košice. Kazi yangu ilikuwa kuwavuta wenzangu hadi kilomita ya 30, macho kwenye saa, masikio kwenye pumzi zao. Nilipotoka barabarani nikapewa maji na kitu cha kujifunika, nikaanza kurudi kwa miguu kuelekea utepe wa mwisho. Hapo ndipo nilipoinua kichwa.

Tangu siku ile nimerudi Košice mara tatu nikiwa mgeni wa kawaida, mara ya mwisho pamoja na mpwa wangu ambaye sasa naye anakimbia. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwonyesha, na kwa mpangilio uleule. Wakimbiaji wengi wa kwetu hufika siku mbili kabla ya mashindano na kuondoka Jumatatu asubuhi. Kama tiketi yako bado haijakatwa, omba urudi Jumatano. Jumatatu makumbusho hufungwa, kwa hiyo siku hiyo ni ya kupumzisha miguu, na Jumanne ndiyo ya kuuona mji.

Kwanza mambo ya safari, kwa ufupi. Slovakia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na inatumia yuro tangu 2009. Mkenya au Mtanzania anahitaji visa, na Slovakia ina ubalozi Nairobi. Bima ya matibabu ya safari ni lazima, isiyopungua yuro 30,000. Košice una uwanja wake wa ndege, lakini wengi hutua Vienna au Budapest kisha wakapanda treni. Kutoka Budapest njia ni fupi zaidi. Mimi napenda kupitia Bratislava, mji mkuu, ingawa treni huchukua saa tano na zaidi kuvuka nchi nzima kutoka magharibi hadi mashariki. Ukitoka Bratislava kaa upande wa kushoto. Kabla ya kufika kituo cha Poprad, milima ya Tatra hutokea ghafla upande huo, mikali kama meno ya msumeno, na Oktoba huenda tayari ina theluji.

Jifunze kulitamka jina la mji: Koshitse. Herufi š ni sh yetu, č ni ch, c peke yake ni ts, na j ni y. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao huuweka kwenye ya kwanza, kila neno, bila ubaguzi. Ukishika hilo tu, watu watakuelewa. Ukiingia dukani sema "Dobrý deň", yaani siku njema, kabla ya kuomba chochote. Ukikaribishwa nyumbani, vua viatu mlangoni, utapewa ndara. Mama mwenye nyumba ya wageni niliyofikia alinipa zake mara ya kwanza, na mara ya pili nilizikuta zangu zinaningoja.

Mji huu una majina matatu, na utayaona kwenye mawe ya makaburi na ramani za zamani: Košice kwa Kislovakia, Kassa kwa Kihungaria, Kaschau kwa Kijerumani. Usidhani ni miji mitatu. Kwa karne nyingi ulikuwa mji wa ufalme wa Hungaria, wafanyabiashara wake wengi walikuwa Wajerumani, na vijiji vya jirani vilisema Kislovakia. Maandishi ya kwanza yanayoutaja ni ya 1230. Ulikaa kwenye njia ya biashara ya kwenda Kraków, Poland, na ndiyo maana ulitajirika.

Sasa anza kutembea. Toka kituo cha treni, vuka bustani iliyo mbele yako. Mwanzoni mwa mtaa wa Mlynská kuna jumba lenye kamnara na madirisha ya kanisa, utadhani ni kanisa dogo. Hilo ni jumba la Jakab, la 1899. Jakab alikuwa mjenzi, na alilijenga kwa mawe yaliyoondolewa kwenye kanisa kuu wakati wa ukarabati mkubwa wa miaka ya mwisho ya karne ya 19. Liangalie vizuri kabla ya kuendelea, kwa sababu utakapofika kanisani utakuwa umeshakutana na baadhi ya mawe yake. Mwaka 1945, Rais Beneš wa Chekoslovakia alikaa katika jumba hili aliporudi kutoka uhamishoni. Prague, mji mkuu wa nchi hiyo ya Wacheki na Waslovakia, ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Serikali mpya ilitangaza mpango wake hapa Košice tarehe 5 Aprili 1945, na kwa majuma machache mji huu ndio uliokuwa makao ya serikali ya nchi.

Fuata Mlynská moja kwa moja. Mwendo ni wa dakika kumi tu, na mwisho wake utaona ukuta wa kanisa umesimama mbele yako. Usiingie bado. Geuka kushoto, nenda hadi mwanzo wa barabara kuu, Hlavná, upande wa kusini. Hapo chini ya ardhi kuna Dolná brána, yaani lango la chini: misingi ya ukuta na lango la mji wa kale, iliyogunduliwa miaka ya tisini wakati barabara ilipokuwa ikichimbwa. Unashuka ngazi, unatembea katikati ya kuta ambazo zamani zilikuwa juu ya ardhi. Nasisitiza uanze hapa kwa sababu ukipanda tena juu utaelewa umbo la Hlavná. Barabara ni nyembamba ncha mbili na imepanuka katikati kama mtumbwi. Pale katikati palikuwa soko, na kanisa likajengwa ndani ya soko.

Karibu na hapo kuna malaika wa shaba ameshika ngao. Watu hupiga naye picha na kuondoka bila kujua anachoshika. Ni nembo ya mji, waliyopewa wakazi na Mfalme Louis Mkuu wa Hungaria mwaka 1369, na kwa kadiri inavyojulikana hakuna mji mwingine Ulaya uliopewa hati ya nembo yake mapema kuliko huu. Zamani nembo ilikuwa ya wafalme na mabwana wa ardhi. Mji wa mafundi na wachuuzi kupewa yake ilikuwa heshima kubwa, na haikutoka hewani. Mwaka 1312, babu zao walikuwa wamesimama upande wa mfalme, baba wa huyo Louis, katika vita vya Rozhanovce, kilomita chache kutoka hapa, dhidi ya ukoo wa Aba uliotaka kuutawala mji. Mafundi wa manyoya wa Košice walikuwa na chama chenye kanuni zilizoandikwa tangu 1307. Hawa walikuwa watu waliojua kujipanga.

Sasa rudi kanisani. Jina lake ni Dóm svätej Alžbety, Kanisa Kuu la Mtakatifu Elizabeti, binti mfalme wa Hungaria aliyekufa 1231 akiwa na umri wa miaka 24, anayekumbukwa kwa kuwalisha maskini. Ujenzi ulianza takriban 1378 na kumalizika 1508. Hesabu mwenyewe: miaka 130. Fundi aliyeweka jiwe la kwanza na aliyeweka la mwisho hawakujuana, wala mjukuu wa yule wa kwanza huenda hakumwona yule wa mwisho. Ni la mtindo wa Gothi, urefu wake mita 60, na huingia zaidi ya watu 5,000.

Lizunguke nje kwanza, taratibu, mara moja nzima. Minara yake hailingani. Wa kaskazini, wa Mfalme Sigismund, una mita 59. Wa kusini, wa Mfalme Matthias, ni mfupi na mnene. Juu ya kuta kuna michongo inayotemea maji ya mvua nje yasiharibu jiwe. Mingi ni wanyama, lakini mmoja ni mwanamke. Wenyeji husimulia kwamba mke wa Stefano, mmoja wa mafundi wa kanisa hili, alikuwa mlevi, na mumewe akamchonga hapo ili anywe maji ya mvua hadi mwisho wa dunia. Mimi hadithi hiyo hainipendezi. Mwanamke yule hakupata nafasi ya kuchonga jibu lake. Ila mtafute, kwa sababu ukimtafuta utalazimika kuangalia kila jiwe la ukuta, na huko ndiko kazi ya mafundi iliko. Upande wa kaskazini, juu ya mlango, wamechonga siku ya hukumu: wenye haki wanakwenda huku, waliohukumiwa wanaburutwa kule. Mpwa wangu alisimama pale robo saa nzima akiwatazama wanaoburutwa.

Ukiingia, vua kofia na nyamaza. Ni nyumba ya ibada inayotumika kila siku. Kama misa inaendelea, keti nyuma na ungoje imalizike, usizungukezunguke na simu. Nenda mbele utazame madhabahu kuu. Yana picha 48 zilizochorwa kwenye mbao kati ya 1474 na 1477: maisha ya Elizabeti, ya Bikira Maria, na mateso ya Yesu. Mbao hizo ni mabawa yanayofunguka na kufungwa kufuata majira ya kanisa, kwa hiyo ukienda wakati wa Kwaresima hutaona alichokiona mwenzako wa Agosti. Kisha tafuta ngazi za mzunguko zinazosokotana, mbili katika shimo moja. Mtu mmoja akipanda hii na mwingine ile, wanasikiana bila kuonana hadi wakutane juu.

Chini ya kanisa amelala Francis Rákóczi wa Pili, aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Habsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, kuanzia 1703 hadi 1711. Uliposhindwa alikimbilia uhamishoni, akafia Uturuki mwaka 1735 katika mji wa Tekirdağ, ambao Wahungaria huuita Rodostó. Mifupa yake ililetwa hapa mwaka 1906. Utakuta Wahungaria wanashuka pale na mashada yenye utepe wa nyekundu, nyeupe na kijani. Wapishe kwa heshima, wamekuja kwa mzee wao.

Panda mnara wa Sigismund kama miguu inakubali. Ngazi ni 160, nyembamba, za jiwe lililolika katikati. Kama umekimbia Jumapili, usipande Jumatatu. Kupanda utaweza, ila kushuka ndiko kutakakoyatesa mapaja. Juu utaona Hlavná yote na lile umbo la mtumbwi nililokuambia, na mbali, upande wa kusini, mabomba ya kiwanda cha chuma kilichojengwa miaka ya sitini na kilicholeta maelfu ya watu mjini.

Toka uelekee kaskazini. Mnara wa Mtakatifu Urban uko hatua chache kutoka kanisani. Kengele yake ilisubuliwa mwaka 1557, ikapigwa zaidi ya miaka 400, kisha mnara ukashika moto 1966, nayo ikaanguka na kupasuka. Sasa iko chini, nje, kwenye jukwaa. Iguse. Ufa unapita mwilini mwake kama ufa wa chungu.

Mbele yake kuna chemchemi ya kisasa inayorusha maji kwa kufuata muziki. Watoto wanaipenda; usiku huwashwa taa. Kisha jumba la maonyesho la 1899, kisha nguzo ya Bikira Maria iliyosimamishwa kati ya 1720 na 1723 kushukuru kwisha kwa tauni ya 1709 na 1710. Huko sikukaa sana, ingawa mpwa wangu alitaka kujua kwa nini nguzo imezungukwa na watakatifu wengi hivyo. Angalia chini unapotembea: reli za tramu bado zimo kwenye mawe ingawa tramu haipiti tena hapa. Waliamua kuziacha.

Saa sita mchana kula. Siku za kazi mikahawa mingi huandika mlangoni "denné menu", chakula cha mchana cha siku hiyo: supu kwanza, kisha sahani ya pili, kwa bei nafuu kuliko kuagiza jioni. Ukifika saa nane huenda kimekwisha. Jaribu bryndzové halušky, vidonge vidogo vya viazi na unga vilivyochanganywa na jibini laini ya kondoo. Kwa mkimbiaji ni chakula kizuri baada ya mbio, si kabla. Kama wewe ni Mwislamu au huli nguruwe, fahamu kwamba juu yake huwekwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema "bez slaniny", yaani bila mafuta hayo. Supu ya kabichi, kapustnica, mara nyingi nayo ina soseji, uliza. Kinywaji chao ni Kofola, cheusi chenye ladha ya mitishamba, kilichobuniwa Chekoslovakia mwaka 1960.

Alasiri ingia vichochoro vya upande wa mashariki. Mtaa wa Hrnčiarska una vibanda vya mafundi wa kazi za mikono. Jina lake latokana na wafinyanzi. Mwisho wake kuna gereza la zamani la Mikluš na ngome inayoitwa ya mnyongaji, na nyuma ya ngome kuna nyumba iliyojengwa kwa kuiga ile Rákóczi aliyoishi Uturuki.

Halafu nakuomba uende mahali ambapo vijitabu vya watalii hupapitia haraka. Kwenye mtaa wa Puškinova kuna sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, la miaka ya ishirini. Novemba 1938, Košice ulikatwa kutoka Chekoslovakia ukapewa Hungaria. Tarehe 26 Juni 1941 ndege ziliudondoshea mabomu, za nani hasa wanahistoria wanabishana hadi leo, na kesho yake Hungaria ikaingia vitani dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1944, Wayahudi wa mji na vijiji vya karibu, zaidi ya 10,000, walikusanywa katika kiwanda cha matofali na kupakiwa kwenye mabehewa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Hawakuwa peke yao. Treni nyingi zilizowabeba Wayahudi wa Hungaria nzima zilipita kituo cha Košice, na hapo ndipo polisi wa Hungaria walipowakabidhi kwa Wajerumani. Ni kituo kilekile ulichoshukia asubuhi. Mimi nilikwenda kwenye bao la kumbukumbu, nikasimama, nikarudi bila kuzungumza.

Ukirudi Hlavná, pitia mtaa wa Mäsiarska upande wa magharibi. Kuna sanamu ya Sándor Márai, mwandishi aliyezaliwa hapa mwaka 1900, ameketi kwenye kiti, na mbele yake kuna kiti kingine kitupu. Keti. Kimewekwa kwa ajili yako.

Jioni, kabla hawajafunga, fika Makumbusho ya Slovakia Mashariki, mwisho wa Hlavná upande wa kaskazini. Uliza "zlatý poklad", yaani hazina ya dhahabu. Mwaka 1935, mafundi waliokuwa wakitengeneza jengo moja kwenye Hlavná walifukua chombo cha shaba, ndani yake sarafu 2,920 za dhahabu, medali tatu na mkufu wa dhahabu wenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Zote zimewekwa chini, nyuma ya mlango mzito. Sarafu zilitoka miji mingi ya Ulaya, na ukizitazama utaelewa njia ile ya biashara kuliko nitakavyoweza kueleza.

Ukitoka nje ya makumbusho, uko kwenye Uwanja wa Marathoni ya Amani, na mbele yako kuna mkimbiaji wa shaba. Mbio hizi zilianzishwa 1924 na Vojtech Braun Bukovský, aliyerudi na wazo hilo kutoka Olimpiki ya Paris. Zilikimbiwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo, na Karol Halla akashinda. Hakuna marathoni ya kila mwaka Ulaya iliyo kongwe kuliko hii. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Chini ya sanamu yameandikwa majina ya washindi. Mtafute Abebe Bikila wa Ethiopia, 1961, mwaka mmoja baada ya kushinda Roma peku. Kisha shuka taratibu hadi miaka ya karibuni. Majina yanabadilika: Kimaiyo, Chepkwony, na mengine ya kwetu. Mpwa wangu aliyasoma kwa sauti moja baada ya jingine, kwa matamshi ya nyumbani, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa akasimama kusikiliza, akatuambia "Keňa", akainua kidole gumba.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "jina lako liko wapi?"

Nikamweleza kwamba waongoza kasi hawaandikwi, na kwamba aliyeshinda mwaka ule nilimwacha kwenye kilomita ya 30 akiwa na pumzi nzuri. Akagusa jina la mtu huyo, tukaenda kunywa chai.

Kama una siku ya ziada, panda basi kwenda Levoča, kwenye kanisa la Mtakatifu Yakobo, ukaone madhabahu ya mbao ya fundi Pavol, mita 18 na zaidi kwenda juu, aliyoyamaliza 1517. Njiani utaona ngome ya Spiš juu ya kilima cheupe. Ukiwa na watoto, baki mjini uwapeleke bonde la Čermeľ kwenye reli ndogo ya watoto, inayovutwa wikendi za majira ya joto na Katka, injini ya mvuke ya 1884.

Na kwenye treni ya kurudi Bratislava, kaa upande wa kulia.